Mfumo Tulioupata Kisimani Wajir

Siku mliponiaga pale ukumbini, nikiwa nimejaza pilau mdomoni, mwalimu mmoja kijana aliniinamia akaniuliza, "Mwalimu Mwakio, tuambie ukweli sasa. Nne-nne-mbili au nne-tatu-tatu?" Nilimwonyesha kiganja asubiri. Nilipomaliza kutafuna, hotuba zilikuwa zimeanza, na hotuba za kumuaga mstaafu hazina mapumziko. Nikaenda nyumbani na mbuzi wa zawadi na swali lake. Mbuzi ameshaliwa. Swali bado linaniwasha, kwa hiyo nakaa kuwajibu ninyi nyote mliobaki na filimbi shingoni. Nawaonya mapema kwamba jibu ni refu, maana nikianza kuzungumzia mfumo wa timu mke wangu huhama chumba.

Nilipangiwa Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea Taita, somo langu Jiografia na mzigo wangu michezo. Wenzangu chuoni walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mimi nilikuwa na furaha isiyo na adabu, kwa sababu begini mwangu mlikuwa na makaratasi ya kozi ya ukocha niliyoifanya Nairobi likizoni, na kwenye makaratasi yale kulikuwa na nne-tatu-tatu iliyochorwa kwa wino wa rangi mbili. Nilivuka daraja la Tana nikiwa tayari nimeshapanga timu ambayo sijawahi kuiona. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia, akanipa mpira mmoja na filimbi moja, akaniambia nisiwachezeshe vijana kabla ya sala ya alasiri, wala nisiwacheleweshe sala ya magharibi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mpira wetu, katikati ya sala mbili, na hadi leo sijaona ratiba nzuri kuliko ile.

Siku ya kwanza uwanjani niliwaweka mawinga wawili wenye mbio pembeni kabisa, kama karatasi ilivyosema. Nikapuliza filimbi. Winga wa kulia akapokea mpira, akakimbia hatua chache, akazama. Hakuanguka, alizama, maana pembeni mwa uwanja wetu kulikuwa na mchanga wa kufika kifundoni. Winga wa kushoto naye akapigiwa mpira, ukatua mbele yake, ukakaa palepale kama umechoka safari. Nikawapigia kelele waongeze mbio. Mmoja wao, Noor, kijana mwembamba aliyekuja kuwa mfungaji wetu, alinijibu kwa heshima zote, kwa lafudhi ya Kisomali inayogeuza p kuwa b, "Maalim, mbio ibo. Uwanja ndiyo hakuna."

Aliyeniokoa ni Sajenti Wario. Huyu alikuwa askari polisi, Mborana kutoka upande wa Wajir, aliyewahi kuifundisha timu ya kambi yake, na jioni zake zote alizimalizia kando ya uwanja wetu akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu. Alinitazama kwa siku kadhaa bila kusema neno, jambo lililomgharimu sana kwa sababu alipenda kusema. Mwishowe akanivua viatu. Nasema kweli, aliniamuru nivue viatu, nami mwalimu mwenye cheti nikavua, akanitembeza uwanja mzima peku katika jua la saa ile ile ya mechi. "Hapa ni laini. Hapa ni gumu. Hapa mpira unakufa. Hapa unaruka," alikuwa akisema. "Sasa panga timu yako, mwalimu. Ile ya Nairobi ilipangiwa majani." Nyayo zangu ziliungua vibaya, na nilijifunza mengi siku ile kuliko kozi nzima.

Sajenti ndiye aliyenipa kifaa nilichokitumia miaka yote ya kazi yangu. Kilikuwa sinia la bati la kulia wali. Alichota mchanga wa uwanja unaochezewa, akausambaza humo, halafu akapanga kokwa za tende kuwa wachezaji wetu na vijiwe kuwa wapinzani. Mwezi wa Ramadhani kokwa zilikuwa tele, tungeweza kupanga ligi nzima. Kila tulikokwenda kucheza tulichota mchanga wa huko kwanza. Baadaye nililetewa ubao wa sumaku wenye vidude vya kuteleza, na ni mzuri, lakini juu yake kila uwanja unafanana na mwingine.

Basi nikaiweka nne-tatu-tatu begini na tukaingia nne-nne-mbili. Mawinga niliwasogeza ndani, kwenye ardhi ngumu kidogo, mabeki wanne wakakaa nyuma, pasi fupi za chini zikaanza kutembea. Lo, tulicheza! Tulizifunga timu za pale mjini moja baada ya nyingine. Tulikwenda Masalani tukiwa juu ya lori la mahindi, tukashinda, tukarudi tukiimba hadi sauti zikatuishia. Nilikuwa sipati usingizi kwa msisimko. Nikikaa kusahihisha ramani za Jiografia najikuta nimechora mabeki wanne katikati ya Bonde la Ufa.

Katika kikosi hicho ndipo alipoingia Hassan, namba tano wangu. Alikuwa ametoka kwa ngamia wa familia yao moja kwa moja hadi kidato cha kwanza, mrefu, mkimya, mguu mkavu kama mti wa mkuki, na sijawahi kufundisha beki mwenye utii kama wake. Ukimwambia mkabe huyu, mtu huyo alikuwa amekwisha. Hapati mpira, hapati kivuli, hapati hata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Mshambuliaji mmoja wa Masalani alimlalamikia refa kwamba Hassan anamfuata mpaka anapokwenda kunywa maji, na ilikuwa kweli.

Tukafika fainali ya mkoa, tukakutana na Wajir. Namba tisa wao aliitwa Gedi, mjanja, ana mwendo wa kivivu na jicho la mwizi wa sukari. Nilimwonyesha Hassan kwa kidole, nikamwambia, "Yule ni wako. Usimwache." Dakika za mwanzo Gedi hakugusa mpira, nikawa najipongeza. Kisha Gedi akaanza kutembea. Hakukimbia, alitembea tu, taratibu, kuelekea mstari wa pembeni, mahali ambapo hakuna mpira wala sababu. Hassan akamfuata. Gedi akasimama kule pembeni kama mtu anayengoja lori, Hassan akasimama naye. Katikati ya ngome yetu kukabaki uwazi wa kupitisha harusi, na kiungo wao akapita hapo akafunga. Nikapiga kelele, "Hassan, rudi kati!" Akarudi, na baada ya muda Gedi akatembea tena, na Hassan akamfuata tena. Tulifungwa mbili bila. Mwaka uliofuata tukafungwa vilevile, na mtu yule yule, kwa matembezi yale yale.

Kufungwa ni kufungwa, lakini Garissa ni mji mdogo na vibanda vya chai ni vingi. Hassan akipita, mtu mmoja anasimama na kuanza kutembea taratibu kuelekea ukutani, na mwingine anamfuata, kibanda kizima kinacheka. Walimu wenzangu nao hawakukawia. Mmoja aliniambia kila mtu anaona shimo liko wapi isipokuwa kocha. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema tukienda tena fainali angependa kuona namba tano mwingine. Nami nilianza kukubaliana nao. Kwenye makaratasi yangu ya Nairobi kulikuwa na ukabaji wa kulinda eneo badala ya kumlinda mtu, na kijana mwingine, mzito kidogo ila asiyetembezwa, angeweza kuucheza. Hassan angekaa benchi.

Tulifuzu kwa mara ya tatu, na fainali ikapangwa Wajir kwenyewe. Tulisafiri kwa lori, katika msafara wa magari yenye askari wa kusindikiza, kwa kuwa miaka hiyo, kwa hofu ya majambazi, hakuna aliyepita barabara ile peke yake. Sajenti Wario aliomba ruhusa kazini akaja nasi, sinia kalipakata mapajani. Habaswein tuliposimama kunywa chai nilimwona Hassan ameketi juu ya begi lake. Lilikuwa limefura, si begi la siku mbili. Nikamwuliza amebeba nini. Akanifungulia bila kuficha: vitabu vyote, shuka, viatu vya mpira, taa.

"Abti wangu yuko huku na ngamia," alisema. Abti ni mjomba, kaka wa mama. "Nilimtumia salamu. Tukifungwa tena, Maalim, ama nikikaa benchi, mimi natoka kwa lori huku siku ya kurudi. Shule nimemaliza. Garissa sirudi kuchekwa."

"Una mtihani wa mwisho mwaka huu, Hassan."

"Nafahamu."

"Na utauacha kwa sababu ya mpira?"

"Habana kwa sababu ya mbira," akasema. "Watu nasema mimi sijui kuchunga. Hiyo nakataa kusikia."

Nilipanda lori. Kila nikitazama sinia naona kokwa kumi na moja, na mojawapo ina vitabu ndani ya begi. Nilijiuliza kwa nini alisema kuchunga, akaacha kusema kucheza. Tulipofika Wajir vumbi jeupe lilikuwa limetugeuza wazee wote, na vijana wakaomba twende visimani tukaoge kabla ya kuukagua uwanja. Nikakubali, na nashukuru hadi leo kwamba nilikubali.

Pale kisimani palikuwa na shughuli kubwa. Wanaume walikuwa wakivuta maji kwa kupokezana huku wakiimba, wengine wamezuia makundi ya ngamia kwa mbali, wakiwaachia wachache wachache waje kunywa. Kando ya birika la kunyweshea ngamia alisimama mwanamume mmoja wa makamo, kikoi kimefungwa juu, fimbo mkononi. Ghafla ngamia mmoja wa kundi lililokuwa likingoja akachomoka, akatimua vumbi kuelekea mjini. Wachungaji wawili wakamfukuza wakipiga kelele, watu wakacheka, vijana wangu wakashangilia kama wanamwona winga. Yule wa fimbo hakugeuza hata shingo.

"Hassan," nikasema, "yule mbona hasaidii? Ngamia anapotea."

Hassan alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Yeye hachungi ngamia, Maalim. Yeye amebewa kisima. Akiondoka, zote zinaingia kwa birika mara moja, zinabigana, maji inamwagika. Hata ngamia yake mwenyewe ikibotea, yeye anakaa."

"Kwetu tunamwita abba herega," akadakia Sajenti. "Mwenye zamu ya maji. Huyo hata umtukane haondoki."

"Na wewe," nikamwuliza Hassan, "Gedi akitembea kwa nini unamfuata?"

"Si wewe ulinibatia yeye? Ulisema, Hassan, yule ni wako. Mtu akikubatia ngamia yake, ni amana. Nikimwacha akibotea, mwenyewe akikuja nitamwambia nini?"

Wallahi, nilimshika Sajenti mkono nikamminya mpaka akalalamika. Miaka miwili mji mzima ulikuwa unamcheka kijana kwa kosa la kuchunga vibaya, kumbe alikuwa anachunga vizuri mno! Mimi nilikuwa nimemkabidhi ngamia. Nilichotakiwa kumkabidhi ni kisima. Nilianza kuongea haraka hata sikusikika, nikapiga magoti palepale nikachora ardhini kwa kidole, ngamia wa watu wananitazama. Mabeki watatu badala ya wanne. Wawili mbele wanachunga washambuliaji, mtu kwa mtu, waende nao popote, hata sokoni. Nyuma yao, katikati, Hassan, asiye na mtu wa kumkaba kabisa. Viungo watano, wawili kati yao wa pembeni, wapande na kushuka. Mbele wawili, Noor na mwenzake. Tatu-tano-mbili.

"Pembeni wataweza mbio hizo?" Sajenti akauliza. Hilo ndilo swali la mtu anayejua kazi, kwa sababu mfumo ule huwaua watu wa pembeni. Kwenye mchanga wa Garissa ningekuwa nimewazika. Tukaenda uwanjani moja kwa moja, tukavua viatu, tukautembea. Ulikuwa mweupe na mgumu kama sakafu kutoka kona hadi kona. Mpira ulioangushwa uliruka hadi kiunoni. Sajenti alicheka mwenyewe, akachota udongo ule akaujaza siniani, na vijana wakalizunguka. Tulipanga, tukapangua, tukajizoeza kwa kutembea tu hadi adhana ya magharibi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesafiri nasi, alitazama kokwa ya namba tano kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, ila nina furaha mno hata siwezi kubadili mawazo. Aliguna tu, na kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Siku ya pili, kabla ya kuingia, nilimchukua Hassan peke yake hadi mbele ya goli letu. Nikapiga mguu chini.

"Hapa ni kisima," nikamwambia. "Nakukabidhi wewe."

"Na Gedi?"

"Gedi ana wachungaji wake leo. Akitembea, wao watakwenda. Wewe hujabewa ngamia yoyote." Nilishajikuta nasema kama wao.

Akafikiri. "Mbaka lini?"

"Mpaka nije kukichukua mimi mwenyewe."

Akanipa mkono wa kulia. "Amana?"

"Amana," nikasema, na tukashikana sawasawa.

Sasa sikieni mechi. Wajir nzima ilikuwa pale, wengine wamepanda juu ya malori, akina mama wamekaa upande wao na miavuli yao. Muda mfupi baada ya kuanza, Gedi akaanza matembezi yake, na umati uliokuwa unaujua mchezo huu ukaanza kucheka kabla ya kitu kutokea. Beki wetu mmoja akamfuata. Nilimtazama Hassan peke yake. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka. Uling'ang'ania hewani, nasema kweli niliuona, miaka yote ya kuchunga ikiuvuta kule pembeni. Kisha ukatua palepale ulipotoka. Kiungo wao, yule mfungaji wa siku zote, akaja mbio na mpira kupitia uwazi aliouzoea, na kwenye uwazi ule akamkuta mtu amesimama na mikono kiunoni. Hassan alimpokonya mpira kwa utulivu wa kumpokonya mtoto kisu. Kicheko cha umati kikakatika ghafla. Nami niliruka nikatua juu ya sinia, na lile bonyeo mnaloliona kwenye bati hadi leo ni la siku ile.

Gedi alitembea kulia, akatembea kushoto. Alirudi nyuma hadi karibu na kipa wake mwenyewe, beki wetu nyuma yake, sasa watu wakawa wanawacheka Wajir wenyewe. Gedi akamfuata Hassan na kumsimamia usoni, akamwambia kwa Kisomali maneno ambayo Sajenti alikataa kunitafsiria. Hassan hakugeuza shingo. Na kwa kuwa yeye alikuwa hapo, viungo wangu wa pembeni wakapata ujasiri wa kupanda, na kwenye ardhi ile ngumu walikuwa wanaruka tu. Kipindi cha pili, jua limeanza kulegea, Hassan akakata mpira mrefu, akampa wa kulia, wa kulia akakimbia hadi mwisho wa uwanja bila kuzama popote, akapiga krosi, Noor akaweka kichwa. Goli! Sikumbuki nilifanya nini. Naambiwa nilimkumbatia mwamuzi wa pembeni.

Dakika za mwisho walitushambulia bila huruma, mipira ya juu, kona juu ya kona, na kila mpira ulioanguka mbele ya goli letu ulimkuta mwenye zamu. Refa akapuliza filimbi, na adhana ikaanza karibu papo hapo. Vijana wakamwagika uwanjani, mwalimu mkuu kofia imeanguka, Sajenti anampigia saluti Noor. Kila mtu alimwinua aliyekuwa karibu naye. Mimi nikawa nahesabu nyuso, na uso mmoja sikuuona. Nikageuka.

Hassan alikuwa amesimama mbele ya goli, palepale nilipopiga mguu. Wenzake walimwita kwa mikono. Hakwenda. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilikimbia uwanja ule wote, mtu mzima na kitambi changu, machozi yananitoka na sikuyafuta. Nilipofika alinyoosha mkono wa kulia.

"Maalim," akasema, "chukua kisima yako."

Nikaushika mkono, nikamwambia nimekichukua, kimejaa, hakikumwagika hata tone. Hapo tu ndipo alipopiga yowe ambalo sikujua analo, akakimbilia wenzake.

Kwa hiyo, mwalimu kijana wa pilau, jibu lako ni hilo. Vua viatu uutembee uwanja, kisha umwulize kila kijana unayempanga anadhani umempa nini. Namba zitakuja zenyewe, na mwaka ujao utazibadilisha tena, na utapata raha yake kila mara, nakuhakikishia.

Tuliondoka Wajir asubuhi na msafara. Habaswein lori lilisimama palepale, kwenye chai ileile, na kando ya barabara alikuwa amesimama mwanamume mrefu na ngamia wake, anangoja. Hassan aliruka chini kabla gurudumu halijatulia, akamwendea. Mimi sikuwatazama wao. Niligeuka haraka kutazama mahali alipokuwa ameketi, na begi lilikuwa bado pale.